Safu Isiyokuwemo Daftarini

Tarehe ishirini na nane, dirisha la malipo, Ngomeni.
Mimi ndani na kalamu, wao nje na jua.
Kiti hiki kibovu nimekirithi kwa marehemu Chambai,
pamoja na daftari la matita ya mkonge.

Singano hanywi.
Kinywa chake, anasema, kinajua maji, chai na mseto.
Mkono mwepesi, tita lake halipungui jani.
Mwezi huu: laki moja na themanini elfu.

Hoza anakunywa.
Anakunywa boha mpaka jina la mkewe linamteleza,
Jumatatu anashika panga kama amelikuta njiani.
Mwezi huu: laki mbili na arobaini.

Nikadhani nimekosea.
Nikajumlisha upya, nikajumlisha kwa vidole
kama mtoto wa darasa la pili.
Jibu likabaki lile lile, likinikodolea macho.

Jumamosi nikapita kilabuni kwa Mama Sechonge
(sikwenda kunywa, nilifuata chenji yangu ya mkaa)
nikamkuta mnyapara Mhando, kata mkononi,
anagawa mistari ya wiki ijayo:
huu wa kando ya reli, majani mapana, chukua Hoza;
huu wa bondeni, magugu na nyoka, wa nani?
Kimya.
Wa yule asiyekuwepo.

Kumbe ofisi ni mbili.
Yangu hufungwa saa kumi,
na saa kumi ndiyo ile nyingine inafunguliwa.

Jumatatu akaja Mwantumu, mke wa Hoza,
kuomba nimkopeshe ya unga.
Katika zile laki mbili na arobaini
mlangoni kwake zilifika sitini na tano,
nyingine, anasema, zimerudi kilabuni kumshukuru Mhando.
Nilitafuta daftarini mahali pa kuandika hilo.
Kuna safu ya matita, safu ya makato, safu ya sahihi.

Mwezi uliofuata Singano alikwenda.
Akakaa mwisho wa benchi na chupa ya soda.
Wakamcheka: soda haina mistari, ndugu yetu.

Leo amefika dirishani wa mwisho.
Laki mbili na kumi. Nikampongeza,
akaangalia pembeni ili nisinuse.
Miaka sita namlipa mtu huyu,
huhesabu noti mara tatu, ya tatu kwa sauti.
Leo amezikunja, akazitia mfukoni,
akaondoka bila kuhesabu.