Sehemu ya Saba

Winnipeg, Januari, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Pumzi za watu zinatoka nyeupe, zinasimama hewani kidogo
kana kwamba nazo zimepanga foleni.
Mimi ndiye mkata tiketi wa sinema hii,
na filamu nimeshaiona mchana, peke yangu,
tulipokuwa tunajaribu mashine.

Kwa hiyo najua.
Najua chombo kitalipuka, kisha kitalipuka tena,
na kwamba roboti mdogo mwenye macho ya sahani
hana kazi yoyote ndani ya hadithi;
kazi yake iko dukani, rafu ya tatu, betri haziuzwi naye.
Mgema huyu tumemsifu mara sita.
Tembo la saba ni maji
yaliyopitishwa karibu na mnazi.

Na bado wamekuja.
Orest Pawluk, fundi bomba, ndani ya suti ya rubani
aliyoishona kwa turubai na mipira ya friji,
goti la kulia limepasuka tangu Sehemu ya Nne.
Philomène Carrière kutoka Saint-Boniface, ng'ambo ya mto,
mwalimu wa hesabu aliyestaafu:
yeye haji na vazi, huja na daftari.

Hakuna anayejua namba ya simu ya mwenzake.
Hawajawahi kunywa kahawa meza moja.
Ila kila baada ya miaka minne, mitano,
kwenye ngazi hizi tulizozimwagia chumvi ya kuyeyusha barafu,
wanauokota ugomvi waliouanza wakiwa na meno yote:
je, Kapteni Ilvane, mwisho wa filamu ya kwanza,
alijua kwamba mlango ungejifunga nyuma yake?

Alijua, husema Philomène. Tazama mkono.
Hakujua, husema Orest. Tazama macho.
Sekunde nne tu za filamu,
nao wamezitafuna miaka thelathini na mmoja
kama mfupa usioisha utamu.

Mpwa wangu Tamsin aliwahi kuniuliza
kama takataka hizi zinastahili kupendwa hivyo.
Nikamwambia, afadhali hizi kuliko kamari.
Jibu la mvivu.
Studio haimjui Orest. Studio inakijua kiti, K-12,
na inajua kitajaa.

Dakika ya tisini na nne.
Kapteni, aliyefufuliwa kwa sentensi moja na moshi mwingi,
anageuka, anatutazama, anasema:
"Nilijua. Tangu mwanzo nilijua."

Nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na pazia.
Nilimwona Philomène akilifunga daftari lake taratibu,
na uso wake ulikuwa wa mtu
aliyeshinda kesi akapoteza jirani.
Orest alikuwa anachezea uzi wa goti.

Nje, hakuna aliyesema neno.
Chumvi ilikuwa ikilia chini ya viatu.
Watu walikwangua barafu kwenye vioo vya magari,
wakaondoka mmoja mmoja,
na wale wawili wakabaki ngazini
kama wageni waliokosea harusi.
Orest akavaa glovu. Akaivua moja. Akaivaa tena.

"Yule si Ilvane," akasema Philomène.
Yeye, mshindi.
"Yule ni nakala. Hukuliona sikio?"
"Sikio lipi?"
"La kushoto. Ilvane ana kovu. Yule hana."
"Nakala! Nakala gani, mama wee? Ni yeye yule,
kovu linatibika, wana maabara nzima mle chomboni!"
Na sauti yake ikapanda, ikapasuka katikati kwa furaha,
fundi bomba mwenye miaka sitini na mitatu
akiitetea filamu mbovu kuliko zote
kwenye baridi inayoweza kuua ng'ombe.

Nikazima taa za ukumbi, za kaunta, za mabango.
Ile ya ngazini nikaiacha.

Kesho, kabla sijafungua milango,
nitaurudisha mkanda mpaka dakika ya tisini na nne.
Nataka nilitazame hilo sikio.