Safari Ishirini na Tano

Punda wangu anaitwa Kadhia.
Yeye ndiye aliyenifunza mfululizo.
Bi Barke alikuja baadaye, na chaki.

Langoni, Jumamosi, ukuta unadai mchanga.
Rundo la kwanza hatua arubaini toka gatini,
la pili arubaini na sita,
la tatu hamsini na mbili,
kila rundo hatua sita mbele ya mwenziwe,
hadi marundo ishirini na tano.
Bwana Famau kakata bei:
safari shilingi hamsini.
Ya kwanza hamsini, ya mwisho hamsini,
kana kwamba njia hairefuki.

Haba na haba, wahenga walisema.
Haba ngapi, hawakusema.

Usiku nikaikunjua karatasi ya saruji.
Kuzijumlisha moja moja nilishindwa,
nilifika ya tisa usingizi ukanifuta.
Nikaamka, nikafanya uposaji:
ya kwanza nikaiozesha ya mwisho,
arubaini na mia na thamanini na nne.
Ya pili nikaipa ya pili toka mwisho,
arubaini na sita, mia na sabini na nane.
Ajabu ya Mungu,
kila ndoa mahari yale yale:
mia mbili ishirini na nne.
Ndoa kumi na mbili, bila ngoma.

Ikabaki ya kumi na tatu, kapera,
mia na kumi na mbili, nusu ya mahari,
imesimama katikati haina wa kuishika mkono.
Nyumbani tu watano, mimi wa tatu.
Niliijua bila kutambulishwa.

Jumatatu Bi Barke akasema,
"Leteni swali la mlangoni kwenu."
Nikalisoma langu. Darasa likacheka punda.
Yeye hakucheka. Aliandika ubaoni
herufi n, mstari, mbili chini yake,
akafungua mabano, akayafunga,
na jibu likateremka kama maji ya mfereji:
elfu mbili na mia nane.

Daftari langu lilisema elfu tano na mia sita.

Kalamu nyekundu ikaja juu, ikasita.
"Umezidisha kwa mbili. Kwa nini, Shee?"
Nikasema, "Mwalimu, kurudi je?
Gunia hushuka, punda hashuki.
Nani aliyekwenda akabaki huko huko?"
Akatazama dirishani kitambo.
Kisha akaweka alama ya vema, ndogo,
kama mtu anayelipa deni la mwingine,
akaandika kando: *Onyesha njia.*

Yeye husema kisichojulikana
kipe jina kwanza, ndipo ukitafute.
Basi thamani ya hatua moja nikaiita x.
Elfu tano na mia sita za x, upande huu.
Upande wa pili, elfu moja mia mbili na hamsini,
noti zile zile mamangu alizozihesabu mara tatu
akazitia ndani ya kopo la majani ya chai.
Nikagawanya pande zote, mizani isilale.
x ikatoka mafichoni, kajitu kadogo:
senti ishirini na mbili na ushei.
Nikatamani ningeiacha herufi.

Jumamosi nyingine nikamwendea Bwana Famau,
karatasi ya saruji mkononi.
Aliishika juu chini, akaisoma hivyo hivyo,
akasema, "Punda hayui hesabu."
Ni kweli.
Ila wiki iliyopita, safari ya mwisho,
Kadhia alifika hatua ya mia na kumi na mbili
akakita miguu, masikio nyuma,
wala fimbo, wala ganda la embe.
Nilimsukuma kwa bega hadi mwisho wa ukuta.
Hilo silo lililoandikwa kwenye karatasi.

Ukuta bado unaendelea.
Rundo la ishirini na sita,
hatua mia na tisini.
Bwana Famau kakuna ndevu,
katazama gati, katazama ukuta,
kanitazama mimi, kamtazama punda,
akasema, "Haya. Sitini."

Sijui sitini kaipata wapi.
Njia hakuonyesha.