Daraja Lililo Mezani Pangu

Mezani pangu lipo daraja lisilo na maji chini yake.
Halina chuma, halina kutu, halina bata.
Lina jina tu, na mbinu nne:
inua, shusha, simama, hali.
Nililiandika mwenyewe, Jumanne ya mvua,
ghorofa ya tatu, Leeuwarden.

Ni wakala. Daraja lenyewe liko Aldesyl,
kilomita kumi na nne za malisho
na mitaro iliyonyooka kama rula.
Nikisema inua, wakala hainui kitu.
Hulitwaa neno langu, hulikunja baiti kwa baiti,
hulisukuma kwenye waya uliozikwa chini ya ng'ombe,
na huko, ndani ya kisanduku cha kijivu,
mwenzake hulikunjua, hulisoma,
humgutusha mota.
Jibu hurudi njia ileile: tayari.
Uzuri wa wakala ndio huo, hukusahaulisha njia.
Ubaya wake ndio huohuo.

Zamani Oebele aliishi palepale darajani.
Nahodha akipiga honi, yeye hutoka na soksi,
huzungusha gurudumu, kisha hushusha
kiatu cha ubao kwa kamba ya fimbo ya kuvulia,
ushuru udondoke humo, sarafu kwa sarafu.
Nilimuuliza kabla hajastaafu: daraja hufanya nini?
"Huinuka. Hushuka. Mengine nayafanya mimi."
Nikaandika yale mawili ya kwanza.

Alhamisi usiku meli ya changarawe iliomba njia.
Nikaita: inua.
Kimya.
Sekunde tano. Kumi. Thelathini.
Kisha maandishi mekundu: muda umekwisha.

Sasa niambie wewe unayejua:
neno lilipotea likienda,
au jibu lilipotea likirudi?
Ukiwa mezani, vifo hivyo viwili vina sura moja.
Kamera nayo ilikufa na waya uleule.
Simu ya Oebele iliita, ikaita.
"Jaribu tena," akasema Sjoerd wa zamu, mdomo umejaa mkate.
Nikamwambia, kuuliza salio mara mbili si neno,
kutoa fedha mara mbili ni neno.
Na kama neno la kwanza limekwama tu njiani,
likafika kesho, daraja lina basi la shule mgongoni?
Mjumbe hauawi, sawa.
Mjumbe asiyerudi, je, utamfanyaje?

Nikachukua baiskeli.
Dakika hamsini, upepo usoni,
fimbo ya mbali haiui nyoka, nikikanyaga,
fimbo ya mbali, fimbo ya mbali.

Lilikuwa limesimama wima gizani,
michirizi meupe ya barabara ikielekea juu.
Magari manne yamezima injini.
Mtoto wa nguo za kulala amesinzia begani kwa mamaye.
Meli ilishapita, hata mawimbi yake yalishasahau.

Kumbe lilisikia.
Lilitii neno la kwanza, likajibu,
na jibu likafia mahali fulani chini ya ng'ombe.

Oebele alikuwa ameegemea kizuizi,
akimmiminia dereva wa lori la maziwa kahawa ya chupa.
"Jeltje," akasema, "saa nzima hii linakuambia ndiyo.
Hukusikia?"

Nikaweka kiganja kwenye chuma.
Kilikuwa baridi, kikitetemeka kidogo.
Nikasema shusha,
kwa mdomo, kipumbavu,
kabla sijakumbuka kutafuta kitufe.

Asubuhi nililipa kila neno namba yake,
ili daraja lijue lipi limeshalisikia.
Nikaongeza pia mbinu ya tano, tupu ndani,
jina lake kiatu.
Haifanyi kitu. Hairudishi kitu.
Sjoerd ameshauliza mara mbili ni ya nini.
Sijaifuta.