Dakika Arobaini na Saba

Saa tisa na dakika ishirini usiku, Húsavík,
simu ilinitikisa kabla ardhi haijanitikisa.
Diski imejaa.
Wala si kibaba cha mfuto: ni cha tele,
na kila punje inayoongezwa inaanguka chini.

Nikavaa koti juu ya nguo za kulalia,
nikakata njia mbele ya kanisa,
theluji ikinifika magotini.

Tangu Jumatatu ardhi hii inasema bila kumeza mate.
Kila mtetemeko, mistari mitatu:
wa kaskazini, wa mashariki, wa juu na chini.
Mia nane kwa siku, mingi midogo
kiasi kwamba panya asingeacha anachotafuna;
na seva, mwandishi wetu asiye na usingizi,
aliandika, akaandika, mpaka karatasi ikaisha,
akabaki ameinua kalamu.

Nikaiuliza diski: umebakiwa na kiasi gani?
Sifuri.
Nikaingia saraka moja moja kuhesabu,
za mwaka huu, za mwaka juzi, picha za sherehe ya Krismasi
ambazo mtu fulani (namjua) alizificha humu.
Nikajumlisha.
Jumla ikagoma kufika.
Gigabaiti mia nne zimeliwa
na mlaji haonekani mezani.

Hapo ndipo nilipokumbuka:
faili likifutwa, linafutwa jina tu.
Kama kuna mkono ulioshika bado,
mwili wake unabaki palepale, umejilaza,
hauna jina, hauna mlango,
unanenepa.

Nikaitisha orodha ya washikaji.
Mmoja. Programu iliyowashwa na Ásgrímur
siku elfu moja mia tisa na kumi na mbili zilizopita,
na mbele ya faili lake neno moja: limefutwa.

Ásgrímur aliacha kazi, akaenda kufuga kondoo
bondeni, nyuma ya mlima.
Alipokea mlio wa pili. Nikasikia kwato juu ya mbao.
"Ile?" akasema. "Lo! Hiyo ilikuwa ya majaribio.
Ya wiki moja."
Akanyamaza. "Bado inafanya kazi?"
"Inafanya."
Sauti yake ilikuwa na fahari kidogo, haki ya Mungu.
"Basi iue," akasema, na kondoo mmoja akakohoa.

Niliiua saa kumi na dakika saba.
Asilimia mia ikashuka mpaka themanini na moja,
na mwandishi akashusha kalamu
kana kwamba hakuna aliyemkatiza.

Sikurudi kulala. Kwa kasi hii, asilimia kumi na tisa
ni chakula cha siku tisa.
Kulikuwa na akiba tuliyoiweka kando miaka mitatu;
nikaichukua yote, nikaukuza mfumo wa faili
ukiwa hai, ukiandikwa,
kama kumpanulia mtu chumba naye amelala ndani,
nikichunga ukuta usimwangukie kichwani.
Huu wetu unajua kukua tu.
Ukitaka uwe mdogo, hamisha kila kitu, bomoa, jenga upya.
Nililijua hilo, kidole kikiwa juu ya kibodi.
Nikabonyeza.

Kulipokucha, kama huku kunakucha Januari,
nilifungua daftari la kituo, lile la karatasi,
nikaandika kwa wino:
dakika arobaini na saba hazimo.
Ardhi ilisema, hatukuandika.

Kisha nikaongeza, ingawa si utaratibu:
mmoja niliusikia mimi, mbele ya kanisa,
ulipanda kwa miguu ukaishia kwenye meno.
Sina kipimo chake.
Mbwa wa Sæunn alibweka mara mbili.