Deni Ukutani

Nimetumwa na kopo la rangi nyekundu
na brashi ya inchi nne.
Mlango mmoja, alama moja, elfu tano, sogea mbele.
Nyumba ya wasafiri ya Kisutu ndiyo ya mwisho kwenye karatasi:
vyumba kumi na viwili, ngazi moja ya mbao,
mlango wa mvule uliopauka kama kisigino.

Chande mlinzi kanifungulia. "Pita,
ila pale usikanyage, boriti zimechoka watu."

Juu kunanuka popo, na kwa mbali nta,
au labda ni pua yangu tu inayotaka kuamini.
Nikainua brashi.
Kumbe kwenye chokaa kuna mkaa,
si matusi, si picha za watoto. Hesabu.

*Nasoro wa Kivinje, nta, frasila tatu. Bado.*
*Limbanga, ngozi kumi na moja. Kalipa nusu.*
*Kassamali, mchele wa wageni, pishi sita, Mungu anajua.*
Na chini kabisa, mkono mwingine, wa haraka:
*Nimelala siku tisa. Nitalipa mvua zikikatika.*

Mvua zimekatika mara ngapi tangu hapo?
Chande hajui. Anachojua
ni kuwa mjukuu wa mwenye nyumba yuko Ulaya,
anauza kiwanja kwa simu,
na hapa patasimama vioo vya ghorofa kumi na nane,
vyenye mahali pa magari mia mbili
na pasipo mahali pa mgeni kuvua viatu.

Kukopa harusi, kulipa matanga, sawa.
Lakini kabla ya harusi na matanga
kuna mtu alifungua mlango usiku,
akaona mzigo, akaona vumbi la njia,
hakuuliza kabila wala dhamana.
Akachukua mkaa jikoni.

Mimi nami nimo kwenye daftari la Mangi, Tandika:
unga kilo tano, mafuta ya kupima, vocha mbili.
Likiungua lile daftari
nitacheka siku ya kwanza.
Siku ya pili nitajiuliza
ni wapi pengine pameandikwa
kwamba niliwahi kuaminiwa.

Wanasema nyumba hii ni gofu.
Kweli, mpapai umeota bafuni,
bati limefungua mdomo.
Ila mgonjwa hapimwi na mchimba kaburi.
Paka chokaa, badilisha boriti, ziba bati,
umwachie Chande kitanda kimoja cha kamba
kwa atakayechelewa.

Nimefunika kopo.
Chande kaniletea kipande cha mkaa, hakusema kitu.
Nimeandika chini ya yule wa siku tisa,
herufi zangu mbaya, mwandiko wa darasa la saba:
*Mpaka rangi wa Manispaa. Alama moja. Bado.*

Kesho atatumwa mwingine na kopo lake.
Naye apande ngazi.
Naye asome kwanza.