Daftari la Mwili

Mtaala mpya ulifika Kutaisi mwezi wa pili,
ndani ya boksi, pamoja na mikeka ishirini na minne
yenye harufu ya matairi.
Mwalimu Nodari aliusoma wima, miwani imemshuka puani,
kisha akaivua filimbi shingoni, taratibu,
kama mtu anayevua pete iliyokwisha kumbana.

"Hakuna tena kuchagua timu," akasema.
"Hakuna wa kwanza, hakuna wa kushika mkia.
Kila mtu na daftari lake. Ataandika
mwili wake umemwambia nini leo."

Tukacheka mpaka vioo vya madirisha vikatetema.
Zaza akaandika: Umesema una njaa.
Wiki iliyofuata: Bado.
Mapacha wa akina Kobalia walilala mkekani saa nzima,
usingizi wao wakauita mazoezi ya pumzi,
na mtaala, kusema kweli, haukuwa na la kuwajibu.

Lakini Eteri,
Eteri wa vyeti vya daktari,
tumbo Jumatatu, kifundo cha mguu Alhamisi,
miaka miwili kwenye benchi, amepakata makoti yetu,
siku moja aliyaweka makoti chini.
Akaishika ile kamba nene itokayo darini,
akapanda. Nusu tu.
Akaning'inia pale, uso mwekundu kama komamanga,
na hakuna aliyemtazama,
kwa kuwa sote tulikuwa tukitazama kwingine
kwa nguvu zetu zote.

Aliyeumia ni Vakhtang.
Tangu darasa la tano jina lake lilikuwa ukutani,
mita mia, kwa rangi ya buluu.
Mwezi wa tatu wakaja wapaka rangi, ukuta ukawa mweupe.
Daftari lake nalo jeupe.
"Mwili wangu hauongei, mwalimu.
Ulizoea kuisikiliza saa."
Mwalimu Nodari akaitazama droo alimoifungia ile saa.
Hakusema neno.

Jioni, mvua imekatika, akanikuta langoni.
"Mzia, nihesabie. Kimoyomoyo. Usimwambie mtu."
Akatimka toka pipa la taka hadi uzio wa kiwanda,
matope yakimrukia mgongoni,
akarudi akihema, macho yote yakiuliza.

Nikamwambia nilipotea kwenye nne,
nilikuwa nikiangalia magoti yake yanavyoinuka.
Uongo.
Ilikuwa kumi na tatu kasoro kidogo.
Nimeiandika kwenye daftari langu,
pale panapoulizwa mwili umesema nini.