Sekunde Saba

Duka la pili, Barabara ya Luthuli, muuzaji akaniwashia tatu:
ya inchi saba, rangi zimepauka;
ya kumi na tano, pana kama dirisha la benki.
Nikachukua ya kumi. Nikauliza inakula umeme kiasi gani,
maana Mama huzipima tokeni kama chumvi.

Usiku kucha nilichambua picha.
Za mazishi nikaziacha nje ya kadi.
Ndunge na pengo lake, shangazi na kofia ya harusi,
Baba mara moja tu,
mlangoni, begi begani.

Buruburu, juu ya kabati, Mama aliitandikia kitambaa alichofuma,
akavaa miwani, akaketi.
Picha zikapita.
"Huyo! Mrudishe!"
Nikamrudisha. Akapita tena.
"Ndivyo alivyokuwa. Lori likipiga honi, hayupo.
Hata humo kiooni anapita tu."

Nikaingia kwenye mipangilio:
sekunde saba, dakika, saa,
siku nzima.
"Hapo," akasema Mama.

Saa nne nikanyoosha mkono kwenye swichi.
"Iache," akasema.
"Leo analala nyumbani."